Cheza Gemu, Usichezwe: Pesa Zako za Simu Unapopangiwa Kundi na Mashine

Unafungua gemu, unabonyeza kitufe kimoja, na baada ya muda uko vitani na watu 24 ambao hujawahi kuwaona. Hamjasalimiana. Hamjuani majina. Lakini mnapigana na joka bega kwa bega, na mkishinda kuna nyara. Kisha mmoja wao anakuandikia: "Nina upanga mzuri kuliko huo wako. Tuma 1,500 nikuachie."

Umtumie?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo makala haya, na linaanzia mahali ambapo mtu wa Migwani ataelewa haraka: kwenye mwethya.

Mwethya haukuhitaji kompyuta

Kuchimba matuta ya shamba au kujenga bwawa la mchanga kwenye mto mkavu si kazi ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana Ukambani majirani wameitana kwa mwethya miaka na miaka: wenye nguvu wanachimba, wengine wanabeba mawe na maji, na mwenye boma anahakikisha watu wamekula. Leo ni kwako, kesho ni kwa jirani. Mabwawa mengi ya mchanga yanayoonekana Kitui yametokana na mikono ya vikundi vya namna hiyo.

Nani anahakikisha kwamba uliyemsaidia leo atakuja kwako kesho? Hakuna mkataba. Kuna kujuana tu. Aliyekula muthokoi na kutoroka jembe utakutana naye sokoni, kanisani na kwenye matanga. Jina lake ndilo dhamana yake. Chama cha kuchangiana kinaenda vivyo hivyo: ukikwepa mzunguko wako, mji mzima utajua kabla jua halijatua.

Mashine ilivyoanza kupanga makundi

Sasa hebu tuingie kwenye gemu. World of Warcraft, ya kampuni ya Blizzard, ilitoka mwaka 2004. Ni gemu ya kuigiza: unaunda mhusika, unampa kazi, na unaishi naye kwenye dunia moja na maelfu ya wachezaji wengine. Sehemu yake kubwa ni reidi, yaani uvamizi wa kundi zima dhidi ya adui ambaye mtu mmoja hamwezi.

Mwanzoni, kutafuta kundi kulikuwa kazi kwelikweli. Ulisimama kwenye mji wa ndani ya gemu ukiandika: "Natafuta mponyaji! Bado mmoja!" Ungeweza kukaa saa nzima. Lakini wachezaji wa seva moja walijuana. Ukiiba nyara au ukitoroka vita katikati, jina lako lilichafuka, na kesho hakuna aliyekuita. Kwa ufupi, ilikuwa mwethya ya mtandaoni.

Desemba 2009 kikaja kifaa cha kupanga vikundi vidogo vya watu 5: tanki mmoja wa kuzuia mapigo, mponyaji mmoja na washambulizi watatu. Mwishoni mwa Novemba 2011 kifaa kama hicho kikaletwa kwa reidi za watu 25. Unachagua kazi yako, mashine inaangalia kama vifaa vyako vimefika kiwango, inakuweka kwenye foleni, na nafasi zikijaa mnaingia. Hesabu yake ilikuwa tanki 2, waponyaji 6 na washambulizi 17. Gemu nyingine, Final Fantasy XIV iliyozinduliwa upya mwaka 2013, nayo ina kipangaji chake.

Foleni hizo zilikuwa na somo la uchumi ndani yake. Kila mtu anataka kushambulia, wachache wanataka kuwa tanki, kwa hiyo mshambulizi anangoja sana na tanki anaitwa mara moja. Mwaka 2011 Blizzard ilianza kuwapa zawadi ya ziada wanaokubali kazi yenye upungufu. Ni kama wakati wa kuvuna ndengu: watu wakiadimika, malipo ya kibarua yanapanda.

Kile ambacho mashine haikuulizi

Tazama mashine inauliza nini. Kazi yako ni ipi? Vifaa vyako vimefika kiwango? Uko tayari? Basi. Haiulizi wewe ni mtoto wa nani, jana uliishi vipi na wenzako, au kesho mtaonana. Tena inachota watu kutoka seva tofauti, kwa hiyo vita vikiisha kila mtu anarudi kwao na huenda msikutane tena maishani.

Ndipo tabia zikabadilika. Walikuwepo wanaosimama kando wakingoja wengine wapigane ili wachukue nyara bure, na wanaotoroka kundi likishindwa mara moja. Mashine ilikuwa imetatua shida ya kupata watu, lakini haikuwa na namna ya kuleta kuaminiana. Hivi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi hupoteza pesa kwa kuvichanganya.

Hata watengenezaji waliacha kutegemea uungwana

Mwanzoni, nyara kwenye reidi za kupangiwa ziligombewa kwa vitufe viwili: kimoja cha mwenye haja na kifaa, kingine cha anayekitaka tu. Hicho cha pili kiliitwa Tamaa, wazi kabisa. Unadhani watu walibonyeza kipi? Mbele ya wageni ambao hutawaona tena, ghafla kila mtu ana haja.

Mwaka 2012, toleo la Mists of Pandaria lilipotoka, Blizzard ilibadilisha utaratibu kwenye reidi hizo. Mashine ikaanza kuamua zawadi ya kila mchezaji peke yake, bila mwingine kuigusa. Pia kundi lina uwezo wa kupiga kura kumtoa anayeharibu.

Tafakari jambo hilo. Wenye gemu wenyewe waliona kwamba kati ya watu wasiojuana, ulinzi lazima utoke kwenye mfumo. Kwa hiyo mtu wa kundi lako akikwambia mtoke nje ya mfumo ili mfanye biashara, anakuomba uache ulinzi wote uliopo na umtegemee yeye tu.

Pesa ikitoka nje ya gemu

Maombi huwa ya aina tatu, iwe unacheza kwenye kompyuta au unapigana kwa simu na kikosi cha watu wanne uliopangiwa.

La kwanza ni kuuziwa kifaa au akaunti. Sheria za Blizzard zinakataza kuuza vitu vya ndani ya gemu kwa pesa halisi. Hata ukipewa ulichonunua, akaunti yako inaweza kufungwa. Ukinyimwa, utalalamika kwa nani?

La pili ni "tuma kitu kidogo tukubebe", yaani wenye nguvu wakusaidie kushinda. Unalipa kwanza, kisha unagundua umefungiwa nje ya kundi.

La tatu ndilo baya zaidi: "Kuna nambari imeingia kwa simu yako kimakosa, nitumie." Hiyo nambari ni ufunguo wa akaunti yako. Ukimpa, umemfungulia mlango.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu kwa familia nyingi simu si ya gemu tu. Tuseme kijana anachezea simu ya mama yake. Kwenye laini hiyohiyo kuna pesa ya ndengu iliyouzwa wiki jana, mchango wa chama wa Jumamosi na karo ya mdogo wake. Yeye anaona ametuma 1,500 ya upanga. Mama atakapofungua simu ataona pengo kwenye karo.

Fanya hivi

1. Nunua ndani ya duka rasmi. Google Play hapa Kenya inakubali M-PESA. Kwa gemu zinazotaka kadi, kuna kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay, iliyozinduliwa Juni 2022. Malipo ya aina hiyo yana risiti na mtu wa kuuliza.

2. Soma jina kabla ya kuthibitisha, lakini usilitegemee kupita kiasi. Jina linakuonyesha laini imesajiliwa kwa nani. Halikuonyeshi nia ya mwenye laini.

3. Elewa kurudisha pesa maana yake nini. Ukikosea nambari kwenye M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Huduma hiyo ni ya aliyekosea nambari. Kama uliandika nambari sahihi ya mtu aliyekudanganya, au tayari ameshatoa pesa kwa wakala, usihesabu kwamba zitarudi.

4. PIN na nambari za uthibitisho ni zako peke yako. Usimpe mwenzako wa kikosi, anayejiita msimamizi wa gemu, wala anayedai anapiga simu kutoka kwetu.

5. Mzazi, washa idhini ya kila ununuzi kwenye Google Play, na PIN yako ya pesa iwe siri hata kwa watoto. Si kutowaamini. Ni kufunga mlango wa duka usiku.

6. Panga bajeti ya gemu na uiandike. Usajili wa World of Warcraft ni dola 14.99 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo inakaribia shilingi 1,950 kila mwezi, na zaidi ya 23,000 kwa mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Ukichezwa, usinyamaze kwa aibu. Hifadhi ujumbe wote, piga picha ya skrini, pigia huduma kwa wateja mara moja, kisha uripoti polisi. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2018, na ushahidi ulioufuta hautakusaidia.

Kabla hujabonyeza Tuma

Hatusemi uache kucheza. Kushinda joka pamoja na watu 24 kutoka nchi usizowahi kufika ni raha, na mashine inayowakutanisha inafanya kazi nzuri. Wape wenzako juhudi zako zote vitani. Pesa ni habari nyingine. Jiulize swali moja tu la mwethya: huyu mtu akinigeuka, nitampata wapi kesho? Kama huna jibu, usibonyeze.

Leo jioni, mwonyeshe makala haya yule anayeshika simu yako kucheza, au yule ambaye simu yake unaishika wewe. Cheza gemu, usichezwe.