Resori ya motokari: ibane kwanza, ndipo ufungue

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, ukurasa huu umezoea kusema juu ya hatari za shimo na za atelieri. Leo tunaingia katika lupango ya jirani mmoja, siku ya Mungu asubuhi, pahali hakuna shefu wala mtu wa usalama wa kupita na kuangalia.

Jirani huyo ana Toyota Celica ya mwaka 1974, ile ya milango miwili. Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1970, na umbo lile la kwanza liliendelea mpaka 1977. Ni motokari ya kukimbia, nyepesi, uzito wake ni karibu tani moja. Mwenyewe anaipenda kama mtoto wake wa mwisho.

Lakini motokari hiyo ilikuwa imechoka. Mbele ililala. Kila shimo la barabara lilipiga kishindo mpaka kwenye usukani, na mipira ya mbele ilikuwa inakulika kwa mabaka: hapa imeisha, pale bado nzima. Ukisukuma pembe ya motokari kwa mikono kisha ukaiachilia, ilipanda na kushuka mara tatu, mara ine, kama kitanda cha zamani. Ikiwa nzima, inapanda mara moja, inakaa. Chini, mafuta yalikuwa yametoka na kushikana na vumbi.

Hapo tuelewane vizuri. Resori inabeba uzito, amortiseri inatuliza resori. Amortiseri ikikufa, gurudumu linaruka juu ya mawe badala ya kushika barabara. Unapiga freni, lakini mpira ulio hewani haufungi kitu. Kwa hiyo jirani yetu hakukosa kutaka kubadilisha. Alikosa namna ya kubadilisha.

Aliinua mbele kwa kriki, akaweka mawe mawili chini, akatoa gurudumu. Mdogo wake akamwambia:

– Yaya, tungojee kwanza mashini ya kubana resori. Fundi wa garaji alisema ataileta saa nane.

– Aa, mdogo wangu, gurudumu liko hewani. Motokari haikalii resori tena. Resori imelegea, ni chuma tu.

Akatoa mguu mzima, akafungua ile ekru kubwa ya katikati, juu. Ilipofika uzi wa mwisho, kifuniko cha juu kiliruka pamoja na ekru, kikapita karibu na sikio lake, kikatoboa bati la jikoni. Mama wa nyumba alikuwa ametoka pale kuchota maji. Kama angalikuwa bado anapika bukari, leo tungeandika habari nyingine.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Katika Celica hiyo, resori na amortiseri za mbele zimeungana katika mguu mmoja. Mpango huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, injinieri wa Marekani, na motokari nyingi za zamani na za leo zinao. Motokari ikisimama chini, kila gurudumu la mbele linabeba zaidi ya kilo 200. Ukiiinua, uzito huo unatoka, ni kweli. Lakini resori bado imebanwa kati ya sahani mbili, na kitu kimoja tu kinaizuia isiruke: ile ekru ya katikati. Ekru ndogo zinazoizunguka zinashika mguu kwenye mwili wa motokari. Hizo ndizo za kufungua ili mguu utoke mzima mzima. Ya katikati usiiguse.

Ninyi mnaofanya kazi na hewa ya nguvu mnajua jambo hilo. Nani kati yenu anafungua mpira wa kompresa kabla ya kufunga robine na kutoa hewa? Resori ni vilevile, nguvu iko ndani hata kama mashini imesimama.

Basi tufanye hivi. Tafuta pahali pagumu, pasipoinama. Weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu yanayobaki chini. Kriki ni ya kuinua, si ya kusimamisha. Motokari ikiisha kupanda, iweke juu ya shandeli mbili, ile miguu ya chuma. Mawe na briki hapana: briki inapasuka bila kukuambia. Kisha toa mguu mzima, na usiache kibano cha freni kining'inie kwa mpira wake; kifunge kwa kamba.

Mashini ya kubana ina vyuma viwili vyenye ndoano. Viweke kimoja kuume, kingine kushoto, vikabiliane. Kaza kidogo huku, kidogo kule, kwa ufunguo wa mkono, mpaka resori icheze kwenye sahani zake ukiigusa. Hapo tu ndipo ekru ya katikati ifunguliwe, na uso wako usiwe juu yake, wala mtu asisimame upande ule. Vaa miwani ya kazi. Watu wengine wanafunga resori kwa waya au kwa mnyororo. Mimi sitasimama karibu nao.

Katika mguu wa Celica hii, amortiseri mpya inaingia kama risasi ndani ya bomba. Mimina mafuta kidogo katika bomba kabla ya kufunga, ili joto lipate njia ya kutoka. Mafundi wengi wanasahau, na amortiseri inakufa upesi. Badilisha kuume na kushoto pamoja, siku moja. Na vijana wanaokata resori kwa moto ili motokari ilale chini waache: chuma kilichochomwa hivyo kinapoteza ugumu wake.

Nyuma kazi ni nyepesi, resori na amortiseri zimeachana. Lakini shika ekseli kwa kriki kabla ya kutoa amortiseri, maana ndiyo inayoizuia isishuke na kuvuta mpira wa freni.

Mwisho, shusha motokari chini, ndipo ukaze buloni zinazopita katika mipira midogo ya mikono, maana ukizikaza gurudumu likiwa hewani mipira itapindika na kupasuka. Kanyaga freni mara kadhaa kabla ya kuondoka. Endesha polepole, rudi, kaza tena ekru za magurudumu. Kisha peleka motokari kwa fundi apime mwelekeo wa magurudumu.

Amortiseri za zamani usizitupe katika moto wa takataka: zina mafuta, na nyingine zina gazi iliyobanwa. Na mama, siku bwana anapofanya kazi hii, watoto wasicheze katika lupango.