Tuchukie Tendo, Tusichukie Kabila (Sehemu ya Pili)

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii ina ukweli wake penye tenga la samaki, lakini ikihamishiwa kwa binadamu huua. Juma lililopita tulitazama jinsi chuki inavyorithishwa nyumbani. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi: je, mtu anaweza kulichukia tendo kwa moyo wote bila kumchukia aliyelitenda, wala ndugu na majirani zake? Mtakatifu Augustino aliwaagiza watawa kufanya hivyo, na katika Qurani, Surat Ash-Shuaraa, Nabii Lut anawaambia watu wake kwamba anachokichukia ni kitendo chao. Wengi husema huo ni wema wa watu wa dini, haumfai aliyefiwa. Nadai kwamba aliyefiwa ndiye anayeuhitaji zaidi, kwa sababu chuki inayoangukia kundi zima humpa mhalifu mahali pa kujificha.

Historia ya mtaa wetu wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, inatosha kuwa ushahidi. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, Mhutu, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Swali la haki lilikuwa fupi: ni askari gani, na nani aliwaamuru? Swali hilo likazama. Vilimani, familia za Watutsi ambazo hazikuwahi kukanyaga kambi ya jeshi zilichinjwa kwa kosa la askari, kwa kuwa jeshi lilikuwa la Watutsi wengi. Kisha Wahutu wasio na silaha wakauawa na jeshi kulipia damu hiyo. Katikati ya miaka ya 1990 jiji lilikuwa limegawanyika: Wahutu wamefukuzwa Musaga, Watutsi wamefukuzwa Kamenge. Waliohama hawakuulizwa walichofanya; waliulizwa kabila. Na waliopanga kifo cha Rais? Hukumu ya 1999 iliwagusa zaidi askari wa vyeo vya chini. Ilibidi kusubiri hadi Oktoba 2020, miaka 27 baadaye, ndipo Mahakama ya Juu ilipowahukumu kifungo cha maisha watu wa ngazi za juu, wengi wao wakiwa hawapo mahakamani, akiwemo rais wa zamani Pierre Buyoya aliyekana shtaka hilo. Muda wote huo majirani walikuwa wakilipana deni lisilo lao.

Mwaka 2015 kosa hilo lilirudi kwa sura nyingine. Kuanzia tarehe 26 Aprili, vijana wa Musaga, Wahutu kwa Watutsi, waliandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Mwezi Mei, katika mitaa ya maandamano, watu walioshukiwa tu kuwa Imbonerakure, vijana wa chama tawala, walipigwa na umati, na wapo waliouawa. Tarehe 11 Desemba watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi, kikiwemo chuo cha maofisa cha ISCAM hapa Musaga. Jeshi likatangaza vifo 87. Umoja wa Mataifa ulieleza baadaye jinsi vijana wa Musaga na Nyakabiga walivyotolewa majumbani katika msako na kuuawa. Pande mbili zilizopingana zilitoa hukumu ile ile: ulipo ndipo kosa lako lilipo.

Wapo waliokataa kuitii hukumu ya aina hiyo, hata miaka ya nyuma. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bweni la Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kuachana. Arobaini waliuawa.

Watakaonipinga watasema mtu ni matendo yake. Ni kweli tendo ni lake, na kwa hiyo adhabu iwe yake peke yake. Lakini ukisema mtu ni muovu wa kuzaliwa, umemwondolea lawama. Tunamlaumu muuaji kwa sababu tunaamini angeweza kutenda vingine. Wengine watasema wakubwa hutumia maneno haya kuwanyamazisha waliodhulumiwa: samehe, sahau. Hofu yao ina msingi. Lakini anayetaka tusahau analifuta tendo lenyewe, ilhali ninachokitetea kinadai litajwe waziwazi, na tarehe yake, na mtendaji wake. Wa tatu watauliza: taasisi nzima ikikosa, je? Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulijibu bila kulaani kabila: ulilibadilisha jeshi lenyewe, ukaweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya askari.

Kwa hiyo kila tusikiapo "wale ndio walivyo", tuulize: nani hasa, alifanya nini, lini, kwa amri ya nani? Juma lijalo tutaipima Tume ya Ukweli na Maridhiano kwa maswali hayo hayo: je, makaburi ya mauaji ya 1972 iliyoyafukua yanatuonyesha watendaji, au yanatuongezea kabila la kulichukia?