Drangleic, ufalme ulioonewa

Dark Souls II ilitoka Machi 2014 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na mwezi uliofuata ikafika kwenye kompyuta. Watengenezaji wake, studio ya FromSoftware ya Tokyo, walikuwa wamejijengea jina kwa Demon's Souls ya 2009 na Dark Souls ya 2011: gemu za upanga na uchawi ambamo hata askari wa kawaida anaweza kummaliza mchezaji kwa mapigo machache. Anayekufa hurudishwa kwenye moto alikopumzika mara ya mwisho, na roho zote alizokusanya, ambazo ndizo fedha na ndizo nguvu zake, hubaki chini pale alipoangukia. Akifa tena kabla ya kuziokota, zimekwenda.

Wakosoaji waliipokea kwa mikono miwili. Wastani wake wa alama kwenye Metacritic ni 91 kwa 100, juu kidogo ya 89 za Dark Souls ya PlayStation 3, na mwaka huohuo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye Golden Joystick Awards nchini Uingereza. Mashabiki wa mfululizo huu, hata hivyo, wakiombwa kuzipanga gemu zake kwa ubora, hii ndiyo waliyozoea kuiweka mkiani. Umbali huo kati ya sifa za mwanzo na dharau za baadaye una sababu zake, na baadhi ni za haki. Nyingine zimetokana na kuipima Dark Souls II kwa kazi ambayo haikukusudia kuifanya.

Lawama ya kwanza inahusu aliyeisimamia. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza Demon's Souls na Dark Souls, wakati huo alikuwa ameshughulika na Bloodborne, iliyotoka 2015. Katika Dark Souls II alibaki mshauri tu, na uongozi ukashikwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura. Kazi yenyewe haikwenda sawa. Katika mahojiano yaliyochapishwa kwenye kitabu cha michoro ya gemu hiyo, Tanimura alikiri kwamba katikati ya safari walilazimika kuifikiria upya gemu nzima, na ramani zilizokuwa zimeshachorwa zikatafutiwa matumizi mengine. Habari hizo zilipoenea, hukumu ikawa rahisi: kila kasoro ikahesabiwa kuwa ni pengo la Miyazaki, na kila zuri likahesabiwa kuwa ni urithi wake. Kwa mizani ya namna hiyo hakuna kazi ya mtu wa pili inayoweza kushinda.

Inachokifanya Dark Souls II kwa upekee huonekana mtu anapoanza na habari yake yenyewe, yaani usahaulifu. Mchezaji ni mtu aliyepatwa na laana ya kutokufa. Kila mwenye laana hiyo hupoteza kumbukumbu polepole, jina lake, nyumba yake, sababu iliyomtoa kwao, hadi abaki msukule unaotembea na silaha mkononi bila kujua unapigania nini. Anafika Drangleic, ufalme wa Mfalme Vendrick, akitafuta tiba. Dark Souls ya kwanza ilihusu miungu na moto uliokuwa unazimika. Hii inahusu watu waliokuja baadaye, wakajenga falme juu ya magofu ya falme ambazo hata majina yake hayajulikani tena.

Habari hiyo imeingizwa ndani ya kanuni za mchezo. Kila mchezaji anapokufa, kiwango cha juu cha afya yake hupungua kidogo, na sura yake huzidi kuoza, hadi afikie nusu ya uhai aliokuwa nao. Kinachomrudishia utu ni kisanamu cha binadamu, ambacho mwanzoni hupatikana kwa nadra kiasi cha mtu kuogopa kukitumia. Dark Souls ya kwanza haikuwa na adhabu hii. Demon's Souls ilikuwa nayo, lakini huko mchezaji alipoteza nusu ya afya kwa mkupuo mmoja. Hapa imekuwa mmomonyoko. Anayekufa mara moja haoni tofauti kubwa. Anayekufa mara kumi anajiona akipungua mbele ya macho yake, na hofu anayoipata ndiyo ileile ya wahusika anaokutana nao njiani.

Maadui nao hupungua. Adui aliyeuawa mara kumi na kadhaa mahali palepale haonekani tena. Wapo walioikejeli kanuni hii kwa kusema ni upole usiofaa katika gemu inayojisifu kwa ugumu. Wakasahau kwamba upole huo una gharama: asiyerudi haachi roho tena, na mchezaji aliyekwama kwa bosi mmoja hujikuta akipita peke yake kwenye kumbi alizozifuta watu kwa upanga wake mwenyewe. Asiyetaka msaada huo anajiunga na agano la Company of Champions, na hapo maadui huongezewa nguvu na hawatoweki kamwe.

Kati ya wahusika wote, Lucatiel wa Mirrah ndiye anayekumbukwa zaidi. Ni shujaa wa kike mwenye kinyago, anamtafuta kaka yake, na mchezaji humkuta mahali tofauti tofauti kadiri safari inavyosonga. Kila mara ana kumbukumbu chache kuliko zile alizokuwa nazo walipoonana mwisho. Katika mazungumzo ya mwisho hana anachoomba isipokuwa jina lake likumbukwe. Gemu hailipi lolote kwa kulikumbuka, na hapo ndipo penye uzito.

Kisha yupo Vendrick mwenyewe. Kwa saa nyingi mchezaji huambiwa amtafute mfalme, na kila anayetafuta mfalme katika gemu ya aina hii hujua kinachomsubiri: mlango mkubwa, muziki wa kutisha, pambano. Anavuka kasri, anashuka kaburini, anamshinda Velstadt, mlinzi wa mwisho mwenye rungu la kengele. Nyuma yake yumo jitu karibu uchi, lililonyauka, linaburuta upanga na kuzunguka chumba bila kumtazama mtu. Mavazi ya kifalme yamelala sakafuni, na pete yake ipo hapohapo. Mchezaji anaweza kuiokota na kuondoka bila kumgusa. Anayeamua kumpiga hugundua kwamba mfalme hajibu kwa mapigo ya mwanzo, na kwamba silaha humkwaruza tu, mpaka mpigaji awe na roho za majitu ambao mfalme aliwavamia zamani. Katika mfululizo mzima ni vigumu kupata mahali ambapo matarajio ya mchezaji yamegeuzwa kwa ustadi kuliko hapo.

Lawama ya pili ni ya jiografia. Sehemu ya kwanza ya Dark Souls imesukwa kwa namna ambayo mtu hushuka kwa lifti kutoka kanisani na kujikuta pale alipoanzia. Drangleic haikusukwa hivyo. Njia zake hutoka Majula, kijiji cha pwani chenye jua lisilokwisha kutua, na kila moja huenda upande wake. Mfano unaotajwa siku zote ni Earthen Peak. Mchezaji hupanda kinu cha upepo hadi juu, anamshinda malkia Mytha, anaingia kwenye lifti inayozidi kupanda, na anapotoka anaikuta Iron Keep, ngome ya chuma iliyozama katika ziwa la lava. Anayetazama kinu kile kutoka nje haoni lava wala ngome juu yake.

Kosa hilo lipo, na pengine ni mabaki ya ramani zilizohamishwa katikati ya kazi. Lakini kilichopatikana badala yake hakijapewa thamani yake. Dark Souls ya kwanza humpa mchezaji njia moja iliyo wazi na kadhaa za kumuua mapema. Drangleic inamtaka apate roho kuu nne, za Lost Sinner, Old Iron King, The Rotten na Freja, na anazifuata kwa mpangilio autakao. Aliyechoshwa na ngome ya lava anaweza kuruka shimoni chini ya Majula siku hiyohiyo. Hata mwenye ukaidi wa kutozitafuta ana mlango: akikusanya roho milioni moja, njia ya kwenda kasrini hufunguka bila hizo nne.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika namna ya kumjenga mhusika. Pete zinazovaliwa kwa pamoja ni nne badala ya mbili. Silaha mbili zinazooana zinaweza kushikwa kwa pamoja na kupiga kwa mtindo wao maalumu, ilimradi mchezaji awe na mara moja na nusu ya nguvu zinazotakiwa. Katika gemu ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa karibu wa ngao peke yake. Kwa mara ya kwanza katika mfululizo, aliyegawa alama zake vibaya aliruhusiwa kuzigawa upya. Mpiga upanga aliyefika katikati ya safari akatamani uchawi hakuhitaji tena kuanza sifuri, na ndiyo maana mapambano ya wachezaji kwa wachezaji yalidumu miaka mingi yakiwa na mitindo ambayo watengenezaji wenyewe huenda hawakuifikiria.

Mzunguko wa pili nao si marudio. Kwa kawaida anayemaliza gemu ya aina hii akianza tena hukuta maadui walewale wenye afya nyingi zaidi. Hapa wanaongezwa wavamizi wapya, vitu vipya, hata mapambano yanabadilika: Lost Sinner, ambaye mara ya kwanza hupigana peke yake, mara ya pili ana wasaidizi wawili wenye moto. Na asiyetaka kusubiri mzunguko mzima anaweza kuchoma kifaa kinachoitwa Bonfire Ascetic kwenye moto wa eneo moja, na eneo hilo pekee likapanda daraja, bosi wake akiwamo.

Nyongeza tatu zilizotoka kati ya Julai na Septemba 2014 zilionyesha kikosi hiki kikiwa hakina haraka tena. Mji wa Shulva katika Crown of the Sunken King umejaa nguzo zinazopanda na kushuka kwa kupigwa mshale. Crown of the Old Iron King ina Fume Knight, mmoja wa mabosi wagumu kuliko wote wa mfululizo. Ya tatu, Crown of the Ivory King, ndiyo bora. Anayefika kwa mara ya kwanza katika mji wa barafu wa Eleum Loyce hukuta njia nyingi zimegandishwa, na chui asiyeonekana anayelinda lango la kanisa. Barafu inapoyeyuka, mji uleule hufunguka upya. Katikati ya uchunguzi huo mchezaji huwakusanya mashujaa wa mfalme wa mji huo waliotawanyika, kisha wote huruka pamoja ndani ya shimo la moto. Aliyewatafuta vizuri hupigana akiwa na jeshi. Aliyepita haraka hulemewa.

Haifai kuficha yaliyoharibika. Muda ambao mtu anayebiringika hapatwi na pigo unategemea alama ya wepesi, na gemu haielezi jambo hilo waziwazi, kwa hiyo maelfu ya wachezaji walilaumu vidole vyao kwa kosa la hesabu. Wachezaji hukutanishwa mtandaoni kwa kuangalia jumla ya roho walizowahi kupata, hata zile walizopoteza, mpango ulioleta malalamiko hadi ikaongezwa pete ya kuzuia roho zisiingie. Kwenye kompyuta silaha zilichakaa kwa kasi maradufu kwa sababu uchakavu ulifungwa kwenye idadi ya picha kwa sekunde, na marekebisho hayakuja hadi 2015. Mwanga ulioonyeshwa kabla ya gemu kutoka haukuwa ule uliouzwa dukani, na mwenge uliotangazwa kwa mbwembwe ukakosa kazi sehemu nyingi. Na Frigid Outskirts, uwanda wa dhoruba ya theluji wenye farasi wa radi, hauna mtetezi.

Lakini studio yenyewe haikuitupa kazi hii. Kugawa alama upya kulirudi katika Dark Souls III ya 2016, ambayo pia ilimruhusu mchezaji kusafiri kutoka moto hadi moto tangu mapema, jambo ambalo Drangleic ilikuwa imeshalihalalisha. Nyongeza ya mwisho ya gemu hiyo, The Ringed City ya 2017, inaonyesha nchi za wafalme wote zikiporomoka na kurundikana, na katika rundo hilo magofu ya Earthen Peak yapo. Elden Ring ya 2022 ilirudisha mtindo wa silaha mbili na uhuru wa kuchagua njia, safari hii kwa ukubwa ambao PlayStation 3 isingeubeba. Yui Tanimura alikuwa miongoni mwa viongozi wa Dark Souls III, na katika Elden Ring jina lake limeandikwa kama mwongozaji pamoja na Miyazaki.

Anayetaka kuingia Drangleic leo ana matoleo mawili. La 2014 lina mpangilio wa awali wa maadui, ulio mpole kidogo katika maeneo ya mwanzo. Scholar of the First Sin, lililotoka Aprili 2015 kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta, linajumuisha nyongeza zote tatu, limewapanga upya maadui, na limeupa mwenge kazi zaidi, kwa mfano dhidi ya buibui wa Tseldora wanaoogopa mwanga. Limeongeza pia Aldia, kaka wa Mfalme Vendrick, kama pambano la mwisho, pamoja na mwisho wa pili ambamo mchezaji hukiacha kiti cha enzi na kwenda zake. Kwa mgeni hilo la pili linafaa zaidi, ilimradi aongeze alama za wepesi mapema.