Je, Wajua? Sukari Inayoshuka Baada ya Mlo Yaweza Kutangulia Kisukari

Kutetemeka, jasho jembamba na njaa kali saa 2 hadi 5 baada ya kula huweza kusababishwa na kushuka kwa sukari kwenye damu. Wengi hujifariji kwamba kisukari ni sukari kupanda, hivyo anayeshuka yuko salama. Hoja hiyo haisimami. Kwa baadhi ya watu, kongosho huchelewa kutoa insulini. Sukari hupanda mno, kisha insulini huja kwa wingi kupita kiasi, na sukari huporomoka. Kuchelewa huko ni miongoni mwa hitilafu za mwanzo za kisukari cha aina ya 2.

Ni kweli, si kila anayeshuka sukari ataugua. Wengine hupatwa na hali hii baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Ndiyo maana kipimo hushinda kubahatisha: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Ukizidiwa, sukari kidogo huokoa, lakini soda ya kila siku huurudisha mzunguko uleule. Ugali wa dona, maharage, mboga na kutembea baada ya mlo hufaa zaidi. Usingoje, kapime.