Mgomba Unaodumaa: Chimbua Kabla ya Kulaumu Udongo

Aghalabu mfanyakazi wa mjini aendapo likizo nyumbani hubeba zawadi. Mmoja hubeba sukari na kanga. Mwingine hubeba chipukizi la mgomba, ili wazazi wapate ndizi za kuwavusha miezi ya Januari na Februari, wakati ghala limepungua na mahindi yangali shambani. Mwaka wapita, wa pili waingia, na mgomba ungali mwembamba vile vile, hauzai. Wazee husema udongo umechoka.

Katika sehemu kama Lusewa, mkoani Ruvuma, jambo la kwanza la kutazama ni maji. Huko mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, ilhali mgomba wataka unyevu mwaka mzima. Yafaa upandwe mvua zianzapo, karibu na bafu ambako maji humwagika, na kufunikwa kwa nyasi kavu zisizogusa shina.

La pili ni msongamano. Machipukizi kumi katika shimo moja hunyang'anyana chakula. Bakiza mashina matatu tu: mama, binti na mjukuu. Kingo za majani makuukuu zikigeuka manjano na kukauka, huenda potasiamu imepungua. Tia samadi iliyooza na majivu kiasi ya jikoni.

Lakini ikiwa maji na mbolea vipo, hapana budi kuchimbua kando ya shina. Tunguu lenye vijia vyeusi limeliwa na mabuu ya fukusi wa migomba. Mizizi yenye mabaka ya rangi ya damu ya mzee yaweza kuwa imeshambuliwa na minyoo isiyoonekana kwa macho. Fukusi huyu huruka kwa nadra sana. Msafirishaji wake mkuu ni sisi wenyewe, ndani ya chipukizi. Kumbe zawadi ndiyo iliyompeleka adui nyumbani!

Basi kabla ya safari, chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, kutoka shina lenye afya. Menya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha lichovye katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Ukiona mistari ya kahawia au nyekundu ndani, usilipande kabisa: huenda ni mnyauko wa Panama, ugonjwa usiotibika kwa maji ya moto na unaokaa udongoni miaka mingi.

Mzazi haikatai zawadi ya mwanawe. Ni wajibu wa mwana kuikagua kwanza.