Kuya ni Nani?

Manze, kidogo nidedi Kolwezi, huko Congo, juu ya jina ya mtu. Ama tuseme nilidhani ni jina ya mtu.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza huko. Tuko barabara kuu, tumetoka mjini tunaelekea daraja la Lualaba, na mbele yetu kuna loli ya makala, yaani makaa, inajikokota ni ka inaenda matanga ya adui. Nikatoa pua nipite. Tanboi wangu, dogo wa mtaa wa Kapata, kichwa chote kiko nje ya dirisha la kushoto, akaanza nduru: "Yaya, iko nakuya! Iko nakuya!" Mimi ni mtoi wa Kariobangi. Nikaskia "iko na Kuya." Nikamuuliza, "Kuya ni nani?" Kabla anijibu, trela imejaa shaba ikatokea mbele yetu, taa zote zimewaka, honi haiachiliwi. Sijui nilirudi aje nyuma ya ile makala. Najua tu shati ilikuwa imeshikana na mgongo.

"Kuya," dogo akaniambia mosmos, akitembeza vidole viwili juu ya dashibodi. Kuja. Kwao mtu hakuji, anakuya. Na "yaya" sio wa kulea watoi wa wenyewe, ni mkubwa wako kwa boma. Hapo ndio nilitulia kiasi, juu wiki nzima nilikuwa nashangaa mbona huyu ananiona ka mboch.

Sasa cheki shida ilikuwa wapi. Canter yangu ilitoka Japani, ikateremkia Mombasa, usukani uko mkono wa kulia. Ukitoka Nairobi nayo, Namanga, Dodoma, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia nzima, unaendesha kushoto ka kawa. Hauna stress. Halafu unafika Kasumbalesa, unakaa foleni hadi unajua majina ya mbuzi wa hapo, geti inafunguka, na dunia inageuka. Congo wanaendesha kulia. We na usukani wako mmebaki upande wa mtaro. Nyasi unaiona poa sana. Katikati ya barabara ndio hauoni, na huko ndiko kifo kinakuya.

Kolwezi imejaa loli za hivo, mitumba ya Japani. Usiangalie leseni ya dere. Uliza nani amekaa kushoto. Huyo ndio macho. Mkono ukilala chini, ngoja. Mkono ukivuta hewa, toa. Nilikuwa mwenye ndai, jina langu liko kwa karatasi, ganji ya mazutu, yaani dizeli, inatoka kwa mfuko yangu, lakini nusu ya kuendesha ilikuwa ya mtoto wa miaka 19 hajawahi kushika usukani.

Nilifikaje huko? Anko. Kila msee wa Nairobi amewahi kupotezwa na anko. Wangu alikuwa anauza spea Kirinyaga Road. 2015 akaskia Katanga imekatwa vipande vinne, Kolwezi imekuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Akaniambia, mji ukipata gavana lazima utajenga, na mji ukijenga lazima ubebe. Si tukachanga, tukanunua Canter ya 4D33 imezeeka lakini injini ngumu. Pampu ya mekanika, hakuna kompyuta, hakuna taa ya njano ya kukutisha. Iliondoka nyumbani nyeupe. Mwezi mmoja Lualaba ikawa nyekundu, na haikurudi nyeupe tena, hata uioshe na machozi.

Nyuma nilikuwa nimechorewa KARIOBANGI kwa herufi za moto. Wasee wa huko hawakuwa na githaa ya jina refu. Wakaikata, ikawa Kariyo. "Kariyo imefika?" "Kariyo inabeba?" Mimi pia nikaitwa Papa Kariyo, na sikuwa na mtoi hata mmoja. Ndani tulikuwa na vita ya flashi za muziki: mimi Khaligraph, dogo Fally Ipupa. Tulikubaliana kwenda Khaligraph, kurudi Fally. Kwa sababu fulani siku zote kurudi kulikuwa kurefu.

Mwaka wa kwanza tulibeba unga. Katanga wanakula bukari, yaani ugali, na mahindi mengi hutoka Zambia, kwa hivyo unga ukichelewa mpaka, mji mzima unaongea juu ya unga. Ukifika nao Kolwezi unasalimiwa ka bwana arusi. Tukabeba matofali, makala, vitanda vya watu wanaohama, na siku moja kwaya nzima imesimama nyuma na mavazi yao, wanaimba sauti nne kwa mashimo. Hiyo ndio trip ningerudia bure.

Halafu tukaingia kwa mawe. Tangu 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walikuwa wamegundua kobalti iko chini ya nyumba zao, na wakachimba uani, wengine hadi chini ya sakafu. Viroba vinatoka shimoni, vinapelekwa kwa wanunuzi wa Musompo, na mtu lazima avipeleke. Mawe yalinifunza uzito. Unga ukijaza Canter, unaona imejaa. Mawe yanafika tu magotini, we unafikiri bado kuna nafasi, unaita viroba kumi zaidi, na springi zishanyooka ka rula. Nililipwa poa, sitadanganya. Lakini nilikuwa nawacheki hao mabeshte wakitoka shimoni na tochi imefungwa kichwani kwa mpira, hakuna helmeti, halafu jiwe linapimwa na mtu mwenye mzani yake, na nilikuwa naskia bei wanayotajiwa. Nikaacha mawe kabla ya springi kuacha. Kusema ukweli zilikuwa zimebakisha kidogo.

Na hizo springi zilinipeleka kwa Papa.

Papa alikuwa fundi chini ya muembe, mzee amefanyia Gécamines miaka yote ya ujana wake. Hiyo ndio kampuni ya serikali ilichukua migodi ya Union Minière mwaka wa 1967, na kwa wazee wa Kolwezi haikuwa kampuni tu. Ilikuwa nyumba, shule, hospitali, na unga wa mwisho wa mwezi. Katikati ya miaka ya 80 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka, mambo mengine nayo yakafuata, na 1994 walikuwa karibu tani 30,000. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mwisho waende kwao. Papa alikuwa mmoja. Wengine walinunua mabati, wengine wakanunua Simba, ile bia. Yeye alinunua spana.

Sijawahi ona mtu anaskiza injini vile. Anachukua bisibisi ndefu, ncha kwa injini, mpini kwa sikio, macho amefunga. Anahamisha. Anahamisha tena. "Ya tatu," anasema, na kweli ni nozo ya tatu. Mimi nikianza kukanyaga mafuta ndio askie vizuri, ananinyamazisha na mkono. Injini ikipigiwa kelele, aliniambia, inajibu kwa kelele, na hapo huskii chochote. Alikuwa amekulia kwa yale madampa ya mgodi, tairi ndefu kuliko mtu, lakini Canter yangu aliipa heshima ileile. Juni na Julai, asubuhi Kolwezi ina baridi ya kukata maskio, na Kariyo ilikuwa inadinda kuwaka. Papa akanionyesha pa kulaza ndai: kilimani, pua chini, jiwe chini ya tairi. Asubuhi unatoa jiwe, unaweka gia ya pili, unaachilia kluchi. Betri niliinunua miaka miwili baadaye, na nikaona ka nimefanya uzembe.

2021 nikauza Canter. Mjini lami ilikuwa imeongezeka, migodi mikubwa inataka loli kubwa, na mdosi mmoja alinipa usukani wa Howo, mshahara kila mwezi. Kariyo ilichukuliwa na mama mmoja wa kuuza unga, na sharti langu lilikuwa moja: aende nayo na dogo, lakini dogo akae kulia. Nilikuwa nimemfunza kwa uwanja wa mpira wa Kapata, Jumapili baada ya misa, na aliangusha goli moja tu.

Howo ina usukani wa kushoto. Niko katikati ya barabara, naona kila kitu. Kiti cha kulia kinabebanga koti na maji. Miezi ya kwanza nilikuwa bado nauliza, "Aje?" halafu nakumbuka ni koti.

Juzi nilikuwa natoka Likasi, nimepita Fungurume, nikapata Canter nyekundu mbele inatambaa na unga. Herufi za moto zimefifia, imebaki KARIO na kipande cha B. Kutoka dirisha la kushoto kumetoka kichwa cha mtoi mwingine, mdogo, simjui, na mkono wake umelala chini. Mbele nilikuwa naona barabara nyeupe hadi kwa kona, hakuna hata wewa, yaani bodaboda. Ningepita na Howo yangu bila kufikiria.

Nikashusha gia, nikabaki nyuma yake, nikangoja mkono.