Aliyerudi Nyuma Ndiye Mwenye Kosa?

Kauli hii husikika mara tu chuma kinapogusa chuma, na husemwa kwa sauti ya hukumu iliyokwisha kukatwa: "Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi nyuma, basi lipa." Husikika katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, swala ya Ijumaa inapokwisha na magari yaliyobanana kandokando ya Mtaa wa Banda yote yanataka kutoka kwa pamoja. Husikika Mtaa wa Biashara kwa wanaotafuta vitambaa, na husikika katika maegesho ya maduka makubwa ya Westlands na Kilimani. Familia nyingi za Pwani zina mwana, mkwe au dada aliyeolewa huko, na likizo zikifika wengi wetu huenda bara na magari yetu wenyewe. Ndiyo maana tumeona tuipime kauli hiyo, tujue ina ukweli kiasi gani.

Ina ukweli, ila haujakamilika. Anayerudi nyuma hubeba mzigo mkubwa zaidi wa uangalifu, kwa sababu yeye ndiye anayeingia katika njia ya wengine, tena akiwa haoni vizuri aendako. Hata hivyo hakimu haulizi tu gia ilikuwa wapi. Huuliza nani alikuwa na nafasi ya kumwona mwenziwe, nani alikuwa amekwisha kusimama, nani alikuja kwa kasi isiyofaa mahali pale, na ni ushahidi gani unaoyathibitisha hayo. Maswali haya hayaulizwi watu wanapojazana kuzunguka magari mawili. Pale hushinda mwenye sauti kubwa, na aghalabu mwenye sauti kubwa si mama aliye peke yake garini, watoto wawili wakimlilia kiti cha nyuma. Wangapi wamefungua pochi ili tu waondoke, kabla hata hawajashuka kulitazama gari!

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaodhani kwamba sheria za barabarani huishia langoni mwa maegesho, kwamba mle ndani ni mali ya mtu na kila mmoja ajitetee awezavyo. Sivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inapofafanua neno "barabara" hutaja pia maegesho ambayo umma una ruhusa ya kuyaingia. Kwa hiyo wajibu ni ule ule. Gari likisababisha madhara kwa mtu, kwa gari jingine au kwa jengo, dereva hana budi kusimama, na akitakiwa na mwenye sababu ya kutaka, atoe jina lake na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya usajili. Asipoyatoa, kwa mfano kwa kuwa gari aliloligonga halina mtu ndani, ni lazima apige ripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kuacha karatasi yenye nambari ya simu kwenye kioo cha mbele ni adabu njema, lakini karatasi hupeperuka na haishiki mahali pa ripoti. Ama kuondoka kimyakimya kwa sababu mlinzi alikuwa akitazama upande mwingine, hilo ni kosa la jinai, na deni la mwenye gari libaki pale pale. Na vile vibao vinavyosema kila mtu anaegesha kwa dhamana yake mwenyewe vinahusu mwenye maegesho na wateja wake. Havisemi neno juu ya madereva wawili waliogongana.

Tuje sasa kwenye migongano yenyewe. Aliyerudi nyuma akaligonga gari lililoegeshwa mahali pake hana mengi ya kujitetea, na hapo kauli ya watu ni sahihi. Pengine gari lile liliachwa limeziba njia gizani. Hapo mwenyewe aweza kubebeshwa sehemu ya lawama.

Ugomvi mwingi hutokea anapotoka mtu katika nafasi yake. Katika mitaa mingi ya katikati ya jiji magari huegeshwa kimshazari: huingia kwa pua, hutoka kwa mkia. Dada aliye na gari dogo kati ya magari mawili makubwa hulazimika kulitoa karibu nusu ya gari lake njiani kabla macho yake hayajafika pa kuona. Nyuma yake zinapita bodaboda, mikokoteni na matatu. Tuseme anagongwa na gari lililokuwa likipita. Aliyekuwa akipita ana haki ya njia, na lawama kubwa humwangukia dada yule. Lakini tuseme pia alikuwa ametoka polepole, akasimama, akapiga honi, na gari lile likaja kwa kilomita 40 kwa saa katikati ya safu za magari. Kasi hiyo ni mita 11 kila sekunde. Anayekwenda kilomita 10 hukata mita tatu tu, na huyo angaliweza kusimama. Hapa mahakama ina uwezo wa kugawanya lawama, kwa sababu Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaruhusu fidia ipunguzwe kwa kadiri ya kosa la anayedai.

Kisha kuna wawili wanaorudi nyuma kwa wakati mmoja kutoka safu zinazotazamana, bampa ikabusu bampa. Kila mmoja huapa kwamba yeye alikuwa amesimama. Pasipokuwa na ushahidi wa kuwatenganisha, mahakama za Kenya huwagawia nusu kwa nusu. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika uamuzi wa mwaka 2006 juu ya magari mawili yaliyogongana, kwamba pasipojulikana nani wa kulaumiwa, wote wawili walaumiwe sawa. Tunasisitiza maneno "pasipokuwa na ushahidi". Aliyekuwa kweli amesimama anaweza kupoteza nusu ya haki yake kwa kukosa picha moja.

Na yule kijana anayeongoza magari, anayepunga mkono na kuimba "rudi, rudi, rudi, kata"? Tunamshukuru, na shilingi zake tunampa, lakini mkono wake haumwondolei dereva wajibu wa kutazama. Kusema "aliniambia nirudi" hakujawahi kuwa ngao. Zaidi ya hayo, ajali ikitokea yeye huyo ndiye hugeuka shahidi wa upande wenye kulipa vizuri zaidi, au hutoweka kabisa.

Kwa hiyo picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa, ikiwa hayahatarishi watu. Picha ya karibu ya mkwaruzo haitoshi. Inatakiwa picha ya mbali inayoonyesha magari yote mawili, mistari ya maegesho, upande magurudumu yalikoelekea, na nambari za usajili. Katika maduka makubwa na majengo ya ofisi mna kamera za ulinzi. Msimamizi aombwe siku ile ile aihifadhi rekodi, maana rekodi mpya hufuta za zamani, na polisi wanaweza kuitaka rasmi baadaye.

Hapa tuna neno kwa watu wetu. Ulimi wa Pwani ni mwepesi wa kusema "niwie radhi, kosa langu", hata kwa aliyetukanyaga sisi. Mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na neno la adabu lililotamkwa mbele ya watu kumi laweza kurudi likiwa ungamo. Mwambieni aliyepatwa "pole". Pole ni ya utu na haikiri lolote. Kosa waachieni wenye kulipima.

Kupatana papo hapo hakukatazwi. Mkwaruzo mdogo usio na majeruhi wengi hupenda kuumaliza wenyewe, na mara nyingi ni busara, kwa kuwa hata mwenye bima kamili hujilipia sehemu ya mwanzo ya gharama, na sehemu hiyo yaweza kushinda bei ya fundi. Lakini mapatano yaandikwe: majina, nambari za vitambulisho, tarehe, kiasi, na maneno kwamba malipo hayo yamemaliza dai lote. Fedha zipitie M-Pesa ili ujumbe ubaki. Dada akihisi anashinikizwa, amwite mume, kaka au shoga yake, aende nao kituo cha polisi, asitoe hata senti pale barabarani. Na ikiwa mtu ameumia, hata kama anasema hana kitu, mapatano ya barabarani hayana nafasi. Lazima polisi waarifiwe, kisha kampuni ya bima.

Bima nayo ina jambo ambalo wengi hulijua wakati wa shida. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, chini ya Sura ya 405, ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Bati na rangi ya gari la jirani hazimo katika ulazima huo. Hutegemea mkataba umeandikwaje, na kwa kiasi gani. Aliyechukua bima ya mtu wa tatu na aisome karatasi yake. Gari lake mwenyewe, ikiwa yeye ndiye mwenye kosa, atalitengeneza kwa mfuko wake.

Katika nyumba nyingi gari ni la mume na anayeendesha ni mke. Mwenye gari hulaumiwa kwa kosa la dereva ikiwa dereva alikuwa katika shughuli ya mwenye gari au kwa ajili yake. Kuwa mume na mke peke yake hakutoshi. Ndivyo lilivyoamua Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1972 katika shauri la gari la mke lililotumiwa na mume, na mahakama zetu zimeurejea uamuzi huo mara nyingi. Hata hivyo safari ya sokoni kwa mahitaji ya nyumba ni vigumu kuiita ya mtu mmoja.

Mapatano yakishindikana, dai la uharibifu wa mali lisilozidi shilingi milioni moja huweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Si lazima kuajiri wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe katika siku 60. Muda wa kudai fidia ya ajali ni miaka mitatu, lakini anayengoja hadi mwaka wa tatu atakuta rekodi za kamera zimefutika zamani.

Yote hayo ni ya bati. Lipo lisilotengenezeka. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na baba yake mzazi akirudisha gari nyuma nyumbani, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa huko lazima liwe na kamera ya nyuma. Idara yao ya usalama barabarani ilikadiria vifo 210 kwa mwaka vya namna hiyo, na karibu theluthi moja ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika; mengine yana kamera inayozungumza Kijapani, mengine kamera imekufa, na mengine hayakuwa nayo kamwe. Kileleshwa na Kilimani watoto wa nyumba za ghorofa hucheza mle mle magari yanamolala, kwa sababu hapana uwanja mwingine. Baba au mama anayetoka asubuhi na alizunguke gari kwa miguu kabla ya kuwasha injini, na mtu mzima mmoja awashike watoto mkono mahali dereva anapowaona kwa macho yake, akiwahesabu wote.